Kabla ya kununua alternata nyingine

Gari likifika kibandani kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, mara nyingi limekwisha kumla mwenyewe betri mbili na alternata moja. Mwenye gari huanza kuhesabu fedha alizotoa kabla hata hajafungua boneti. Kisha husema maneno ambayo nimeyazoea: juzi lilichaji vizuri, jana lilikataa, leo asubuhi limewaka kama jipya. Na kweli, nikiweka mita kwenye betri, naona volti 14 na kitu. Hakuna ubovu. Jioni ananipigia simu akiwa amekwama barabarani.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa karakana za reli, mtu wa kushika mita kabla ya spana. Alitufundisha kwamba ubovu unaokuja na kuondoka lazima upimwe wakati upo. Ukipimwa wakati umeondoka, kila kitu kitaonekana kizima, na fundi aliyebanwa atoe jibu atakisia. Makisio hayo yamewanunulia watu wa Lubumbashi alternata nyingi ambazo hawakuzihitaji, na naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mama wa sokoni akitoa faida ya mwezi kwa kifaa ambacho hakikuwa na kasoro.

Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, yakakata Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ndiyo maana utakuta usukani uko kulia katika nchi ambayo watu wake wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Corolla, Carina, Hiace za miaka ya 1990 ni magari imara sana, lakini umri hauchoshi injini peke yake. Nyaya nazo zinazeeka. Kila fundi aliyepita amekata, ameunga, amezungushia utepe, na gari limebeba kazi za mikono mingi isiyojuana.

Tuanze na kazi ya kila kifaa. Betri inahifadhi umeme wa kuzungusha starta, na ikishafanya hivyo kazi yake kubwa imekwisha. Injini ikishawaka, umeme wote wa taa, redio, plagi za moto na pampu ya petroli unatoka kwenye alternata, na unaobaki unarudishwa betrini. Alternata inazungushwa na mkanda wa injini. Ndani yake kuna sumaku ya umeme inayozunguka, na kuizunguka kuna nyaya za shaba zilizosokotwa. Sumaku ikipita, umeme unazaliwa katika shaba hiyo. Umeme huo unayumba huku na huku, kwa hiyo unapitishwa kwenye diodi, ambazo kazi yake ni kuuruhusu uende upande mmoja tu. Vipande viwili vya kaboni vinavyogusa pete za shaba ndivyo vinavyopeleka umeme kidogo kwenye ile sumaku. Regileta inaamua ni kiasi gani kipite, ili volti zisipungue wala zisizidi.

Shaba, basi, ndiyo roho ya chombo hiki. Mji huu ulizaliwa kwa shaba: kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha madini hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa kwa jina la Élisabethville, na bomba la moshi la Gécamines, kampuni iliyoirithi, bado linaonekana kutoka mbali. Katika gari, shaba hiyo hiyo ikikutana na unyevu na tindikali ya betri inaota ukoko wa kijani. Mtu wa eneo letu la Katanga haoni ajabu kwa rangi hiyo, maana malakiti tunayouza kama mapambo ni kijani cha shaba vilevile. Juu ya meza ni uzuri. Ndani ya waya wa gari ni kizuizi, na mara nyingi kimejificha chini ya plastiki ambayo kwa nje inaonekana safi.

Sasa namba, na hizi kila mwenye gari anaweza kuzikariri. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.8 imekwisha. Injini ikiwaka, ukikanyaga mafuta kidogo, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, betri hailishwi. Ikipita 15, inachemshwa, na maji yake yatakauka. Mita ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara inauzwa madukani kwa fedha kidogo sana ukilinganisha na betri, na kwa gari lenye ubovu wa kujificha ni msaada mkubwa kuliko macho yangu, kwa sababu inaona wakati mimi sipo.

Nitaeleza gari moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna karibu somo lote. Lilikuwa Carina ya mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka Kasumbalesa, mwendo wa kilomita kama 90, hadi soko la Kenya. (Kwa msomaji wa mbali: Kenya ni komini mojawapo ya Lubumbashi.) Mjini gari lilikuwa halina neno. Akienda mpakani, wakati wa kurudi taa zilififia. Akizima injini kwa ukaguzi, starta ilitoa mlio mmoja tu, ta!, kisha kimya. Vijana wakisukuma linawaka. Akisubiri saa nzima, wakati mwingine linawaka lenyewe. Taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka njiani. Alikuwa amebadilisha betri, kisha alternata, na ubovu ukabaki pale pale.

Aliniambia, “Fundi, mie sinunue tena batri. Unionyeshe kwanza.”

Nikamwambia, “Mama, nitakuonyesha, lakini siwezi kukuonyesha hapa. Twende barabarani.”

Nilimwuliza kwanza maswali, na maswali ni nusu ya kazi. Ubovu unatokea gari likiwa la baridi au la moto? Mvua au jua? Taa zikiwashwa au zikizimwa? Kwenye lami au kwenye mashimo? Na hili kuliko yote: kabla ya ubovu kuanza, ni kitu gani kilifanywa kwenye gari? Mama alifikiri, akasema kwamba kabla ya hapo injini ilikuwa imetolewa ikawekwa nyingine. Nikaliweka neno hilo moyoni.

Nilifunga mita mbili na kupitisha nyaya zake dirishani hadi ndani. Moja ilipima betri. Nyingine ilipima alternata yenyewe, kutoka bolti yake kubwa hadi mwili wake wa chuma. Tukawasha taa kubwa na feni, tukashika njia. Mwanzoni mita zote mbili zilisoma 14.2 na 14.3, sawa kabisa. Tulipoingia sehemu mbovu ya barabara, injini ikiwa imepata moto, ile ya alternata ilibaki 14.3 na ile ya betri ikashuka hadi 12.3. Tulisimama kando bila kuzima injini. Nilipima kati ya bolti ya alternata na kichwa chanya cha betri: 0.1. Nikapima kati ya mwili wa alternata na kichwa hasi cha betri: 1.9. Volti mbili zilikuwa zinapotea, na karibu zote zilipotelea upande wa kurudi.

Watu wengi hawaufikirii upande wa kurudi. Umeme hauendi tu, lazima urudi ulikotoka. Unakwenda kwa waya mnene wa chanya, unarudi kupitia chuma cha injini na bodi, hadi kwenye waya wa masi unaoishia kichwa hasi cha betri. Lakini injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo waya mmoja au miwili inayounganisha injini na bodi na betri ndiyo daraja pekee. Katika Carina ile, waliobadilisha injini walifunga waya wa masi juu ya rangi na mafuta, na bolti niliweza kuizungusha kwa vidole. Baridi ikiwepo na gari likitulia, chuma kiligusa chuma. Injini ikitikisika mashimoni, mguso ulibaki wa nukta moja. Alternata ilikuwa inaona volti zake 14.3 na kuridhika, ndiyo maana taa ya dashibodi haikuwaka. Betri ilikuwa inashinda na njaa. Na starta, ambayo inataka zaidi ya ampea 100, haikuweza kabisa kupita kwenye nukta ile.

Tulikwangua hadi chuma kikang’aa, tukaweka waya mpya wenye vichwa vya shaba vilivyobanwa vizuri, tukakaza, tukapaka grisi juu. Grisi inapakwa baada ya kukaza, si kabla. Gharama yake haikufika robo ya betri moja. Mama aliitazama bolti ile mkononi mwake muda mrefu bila kusema kitu.

Kuna dalili nyingine ya masi mbovu ambayo ni vizuri madereva waijue: umeme wa starta ukikosa daraja lake unatafuta njia nyingine, na waya wa chuma wa pedali ya mafuta unaweza kuwa njia hiyo. Ukiona waya huo umepata moto au ganda lake limeyeyuka, usiubadilishe na kuondoka. Tafuta masi.

Kipimo nilichokifanya kando ya barabara ni rahisi, na nashangaa ni wachache wanaokifanya. Unaweka ncha mbili za mita kwenye miisho miwili ya njia moja, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Waya mzima hauna cha kuonyesha, mita itasoma karibu na sifuri. Ikisoma 0.2 upande wa masi, au 0.3 upande wa chanya, anza kutafuta. Usipime kwa kutumia macho. Waya unaweza kuwa mnene kwa nje na ndani zimebaki nyuzi chache ambazo hazijaliwa na ule ukoko wa kijani.

Si kila mara masi ndiyo yenye kosa. Alternata nazo zinaugua, na ugonjwa wao wa kupotea na kurudi una chanzo kikubwa kimoja: joto. Ungio la risasi ndani ya regileta likiwa na ufa, likipoa linagusa, likipata moto linaachana. Ndiyo maana sipimi gari la moto baada ya kupoa. Naliacha liwake nusu saa na taa na feni, kisha napima. Fundi anayepima dakika mbili baada ya kuwasha amepima gari lingine.

Kaboni ndizo zinazofuata. Katika alternata nyingi za Toyota, kaboni mpya inachomoza milimita 10.5, na kiwanda kinasema isipungue 1.5. Mimi siiachi ifike hapo. Ikiwa fupi, chemchemi inakosa nguvu ya kuisukuma, na kila shimo la barabara linaifanya iruke kutoka kwenye pete yake. Vumbi letu jekundu la kiangazi, kati ya Mei na Septemba, linaharakisha ulaji huo. Taa ya chaji ikiwaka, gonga mwili wa alternata polepole kwa mpini wa bisibisi, ukijihadhari na mkanda. Taa ikizimika, umepata jibu, na kaboni ni bei ndogo sana kuliko alternata nzima.

Angalia pia plagi ndogo iliyo nyuma. Katika Toyota nyingi za umri huo ina nyaya tatu: mmoja unaleta umeme ufunguo ukifunguliwa, mmoja unakwenda kwenye taa ya dashibodi, wa tatu unapima volti za betri. Kidole cha plastiki kinachoishika kinavunjika kwa uzee, na plagi inaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Nimeona zimefungwa kwa uzi, kwa raba ya tairi, kwa utepe wa dawa ya kidonda. Ule waya wa kwanza ukiachana, alternata inalala, hata kama ilinunuliwa jana.

Katika Peugeot 504 na Mercedes za zamani, taa ya chaji si ya kutazama tu. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha alternata. Balbu ikiungua, gari halichaji mpaka dereva akanyage mafuta kwa nguvu, na siku nyingine halichaji kabisa. Fungua ufunguo bila kuwasha injini: taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, usifurahi kwamba gari halina matatizo.

Mkanda niutaje kwa kifupi, kwa sababu unajitangaza wenyewe. Mvua za Novemba zikianza na madimbwi yakijaa, mkanda uliolegea au uliong’aa unateleza na kupiga kelele asubuhi, na taa inapepesa. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, ushuke kama sentimita moja. Diodi iliyokufa ni ya siri zaidi: alternata inaendelea kufanya kazi kwa nguvu pungufu, mchana inatosha, usiku taa zikiwaka inashindwa. Weka mita kwenye umeme unaoyumba, upime betri injini ikiwaka. Ikizidi nusu volti, diodi zimeharibika.

Lakini kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu vya kiwandani havikuliwaza. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, betri ya gari inatolewa na kuingizwa nyumbani iwashe taa na televisheni. Asubuhi inarudishwa garini imekwisha, vichwa vyake vimekazwa kwa haraka, na kipande cha bati kimechomekwa kuziba ulegevu. Simlaumu mtu, watoto wanasoma kwa taa hiyo. Ila mambo mawili yanatokea. Vichwa vinalegea kila siku, na hapo ndipo ubovu wa kuja na kuondoka unapozaliwa. Na alternata inalazimishwa kujaza betri tupu, kazi ambayo haikutengenezewa. Inatoa ampea zake zote kwa muda mrefu huku gari likitambaa katika msongamano, hewa ya kuipoza haitoshi, na regileta inaungua. Anayeweza anunue betri ya pili ya nyumbani, hata kuukuu. Asiyeweza aijaze kwa chaja kabla ya kuirudisha garini.

Sasa niseme kwa sauti kubwa. Kuna kipimo kinachofanywa kila kona: injini ikiwaka, fundi anachomoa kichwa cha betri, na injini isipozimika anasema alternata nzima. Kipimo hicho kilitoka enzi za dinamo, kabla ya alternata kuenea katika miaka ya 1960. Katika gari lenye alternata, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa kupita kiasi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na muda huo unatosha kuua diodi, regileta, na kompyuta ya injini. Gari linaondoka na ubovu ambao halikuja nao. Mwenye gari ana haki ya kumshika fundi mkono na kusema hapana. Fundi asiye na mita asiliguse gari lako.

Na ukilazimika kununua alternata iliyotumika, kama wengi tunavyofanya, izungushe kwa mkono kwanza: isikwaruze wala kutikisika. Omba uione kaboni. Nusa nyuma yake, harufu ya kuungua haitoki hata ikioshwa kwa petroli. Kisha ifungwe, injini iwashwe nusu saa, taa zote ziwake, upime ukiwa bado hujamaliza kulipa.

Ikiwa taa ya chaji imewaka uko katikati ya njia ya Likasi, ambayo ni kilomita takriban 120 kutoka hapa, piga hesabu kabla ya kuogopa. Gari la petroli lenye pampu ya umeme linakula yapata ampea 10 ili injini iendelee kuwaka, na taa kubwa zinaongeza kama 10 nyingine. Betri ya ampea-saa 60 iliyo nzima na iliyojaa itakubeba mchana saa kadhaa. Usiku, nusu ya hapo au pungufu, na betri ya kuzeeka haitafika hata huko. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida inahitaji kama ampea moja tu ya kushikilia mlango wa mafuta, kwa hiyo mchana itafika hata Kolwezi, mbali zaidi ya Likasi. Zima redio, feni, na simu inayochaji. Angalia mkanda kama upo, kwa sababu katika magari mengi huo huo unazungusha pampu ya maji, na ukikatika injini itachemka mapema sana kabla betri haijaisha. Mkanda ukiwa mzima, endelea kwa mwendo wa kawaida, na usizime injini mpaka ufike mahali penye fundi, maana kuiwasha tena kutakula umeme ambao huna wa kulipia.